Nimemwokota paka Mwaloni, siku ya tatu hii kajificha nyuma ya friji. Wajuvi njooni

Binti wa Mwaloni, Jumanne saa 3 usiku

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Anayepajua anajua paka wa pale hawahesabiki, na wengi hawataki mtu. Huyu wangu (nimeshaanza kumwita wangu, nisameheni) ni jike, rangi ya majivu, kifua cheupe, sikio la kushoto halina ncha. Mara ya kwanza kumwona alikuwa anakokota panki la sangara, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, kubwa kuliko yeye. Anarudi kinyumenyume, anapumzika, anavuta tena, kama watu wanaopandisha mtumbwi mchangani. Ndiyo maana jina lake Panki.

Miezi kama mitano sasa analala juu ya magunia yangu. Hajawahi kukubali nimguse. Nikikaa kula na yeye anakaa, hatua tatu hivi, anatazama pembeni kama hajali.

Wiki iliyopita ilikuwa mbalamwezi. Kwa wasiojua, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu. Mitumbwi inakaa nchi kavu, wavuvi wanashona nyavu, soko linapoa, vichanja vitupu. Binadamu tunavumilia, paka wanagombana. Jumamosi nikamkuta Panki anachechemea, mguu wa nyuma umevimba, na mbwa wawili wamejilaza karibu na magunia kama walinzi wa zamu. Uvumilivu ukanishinda. Nikaweka dagaa wa kukaanga ndani ya tenga la nyanya, akaingia, nikafunika kwa kanga na kukaza kamba. Bodaboda alicheka njia nzima.

Nimepanga Kitangiri, upande wa mawe: chumba, sebule, jiko na kastoo kadogo. Nikafungua tenga katikati ya sebule. Nilidhani atanishukuru! Alipanda pazia, akashuka na pazia, akapita juu ya kabati la vyombo, vikombe viwili na hotipoti chini, kisha akapotea. Nilikuja kumgundua nyuma ya friji. Mchana hatoki. Usiku chakula kinaisha, asubuhi nakuta mzigo kwenye kapeti, tena kapeti la mwenye nyumba. Jana nikaingiza mkono nimvute. Alinipiga kucha, akaning'ata kidole gumba, meno yakaingia.

Naombeni msaada. Namtoaje? Choo anajifunzaje? Na hivi paka aliyekulia sokoni anaweza kweli kukaa ndani, au najisumbua?

Ngosha Mtulivu

Nimekaa kiti cha mbele na karanga zangu. Ila mleta mada, uzi wa paka bila picha ya paka?

Mpangaji Sugu

Mfungulie mlango aende zake, dada. Paka ni mnyama wa nje. Kwetu Igoma tumekua na paka wanne, wanaingia wanatoka, na hakuna aliyewafundisha choo. Haya ya kumfungia paka ndani mmeyatoa kwenye televisheni.

Mifugo Kwanza

Ya friji yatasubiri. Tuanze na kidole.

Dada, umeumwa na paka wa mtaani ambaye hakuna anayejua historia yake, na amegombana na mbwa juzi. Inuka sasa hivi, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa. Usifunge, usipake pilipili wala majivu wala dawa ya meno. Kesho asubuhi kabla ya Mwaloni nenda hospitali, waambie umeng'atwa na paka asiye na chanjo, wakuanzishie chanjo ya kichaa cha mbwa. Jina linadanganya watu, kichaa cha mbwa kinamshika paka pia, na dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa. Usisubiri uone kama paka ataugua.

Na paka asitoke. Si kwa sababu ya urembo wa televisheni, ndugu yangu Mpangaji, ila aliyemng'ata mtu anatazamwa siku 10. Akibadilika tabia, akitoka mate, akashindwa kumeza au akilegea miguu, usimguse, mwite afisa mifugo wa kata yako.

Nimefanya kazi hii wilayani miaka mingi. Watu huja na ng'ombe anayekohoa, na kidole chao wamekifunga kitambaa wiki ya pili.

Binti wa Mwaloni

Niliweka spiriti tu. Naenda kuosha.

Binti wa Mwaloni, Jumatano saa 5 asubuhi

Nimechomwa sindano ya kwanza, nimepewa kadi yenye tarehe za kurudi. Nesi aliniuliza huyo paka yuko wapi, nikamwambia nyuma ya friji. Akaandika hivyo hivyo. Asante sana Mifugo.

Bibi Ukara

Marahaba mjukuu wangu, na pole kwa kidole.

Kosa lako umempa nyumba nzima kwa mkupuo mmoja. Hata bibi harusi hakabidhiwi nyumba siku anayofika. Anawekwa ndani, siku saba za fungate, analetewa chakula, anazoea sauti za ukweni huku amekaa mahali pamoja. Huyo paka mpe fungate lake. Umesema una kastoo. Kafagie, toa dawa za panya kama zipo, toa mafuta ya taa, ziba matundu yote anakoweza kupita kichwa chake. Pakipita kichwa cha paka na mwili utapita.

Ndani weka boksi la karatasi, ulilaze ubavu, mdomo wake uelekee ukutani, siyo mlangoni. Ndani ya boksi tandika nguo uliyoivaa na usiifue. Chakula kona moja, choo kona ya mbali, maji mahali pengine kabisa. Wewe ungekubali kula msalani?

Kumtoa nyuma ya friji usimvute. Yuko pale kwa sababu pana joto na mgongo wake umegusa ukuta. Usiku zima taa, ziba upande mmoja kwa ubao, upande wa pili uegeshe boksi lenyewe, halafu nenda kalale. Atahamia mwenyewe, boksi litakuwa na kiza kuliko pale. Ukisikia kaingia, funika kwa kanga, beba boksi zima. Mtu asibebe paka, abebe boksi.

Mpangaji Sugu

Bibi shikamoo. Sasa na sebule atapewa baada ya mahari?

Bibi Ukara

Marahaba. Na wewe nani alikupa sebule?

Ngosha Mtulivu

Hahaha. Uzi umenoga.

Malimbe Mwaka wa Pili

Wenzangu mtacheka ila boksi lina utafiti wake. Mwaka 2014 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walichukua paka wapya waliopelekwa kwenye kituo cha kulea wanyama, baadhi wakapewa maboksi ya kujificha, wengine wakanyimwa. Wenye maboksi walitulia mapema zaidi. Kwa hiyo kujificha siyo dalili kwamba hakupendi, kujificha ndiko kunakomtuliza. Na mwaka 2020 kuna wengine wa chuo kikuu cha Sussex, Uingereza, waliona kwamba ukimtazama paka huku unafumba macho nusunusu, polepole, naye anajibu hivyo hivyo, na anakuwa tayari zaidi kukusogelea hata kama hakujui. Usimkodolee. Kwa paka kukodolewa ni ugomvi.

Fundi Stuli

Dada'angu kuhusu choo. Chukua beseni pana la plastiki, lisiwe refu maana mguu unamuuma. Mimi ni seremala hapa Igogo, maranda ninayo ya bure, ila chagua maranda ya mbao kavu isiyopigwa dawa. Maranda ya mbao iliyochovywa dawa ya mchwa usimpe, anajilamba miguu huyo. Pumba za mpunga nilijaribu kwa paka wangu, zinanata kwenye manyoya na zinasambaa hadi kitandani.

Lakini wako ametoka Mwaloni. Yeye choo chake maisha yote ni mchanga. Mwanzie na mchanga wa ziwani mkavu, vidole vitatu kwenda chini. Akishashika, unachanganya maranda kidogo kidogo mpaka mchanga uishe, kwa sababu kubeba mchanga kupandisha mawe ya Kitangiri utachoka mwezi wa kwanza.

Ule mzigo wa kwenye kapeti usiutupe wote. Kipande kidogo kiweke juu ya mchanga. Ni kama kumwandikia kibao.

Mifugo Kwanza

Fundi umemaliza. Naongeza: kapeti lioshwe kwa sabuni na siki, usitumie dawa za klorini. Klorini ikikutana na mkojo inatoa mvuke unaowasha macho, na kama dawa ina amonia ndani, kwa pua ya paka ni harufu ya mkojo mwingine. Utakuwa umemtangazia kwamba hapo ndipo.

Mama Pacha wa Buhongwa

Samahani kudandia uzi. Mimi ni mjamzito miezi minne na nina paka ndani. Wifi ananiambia nimtupe paka, eti mtoto atazaliwa na matatizo. Ni kweli?

Mifugo Kwanza

Mama, usimtupe. Kuna vimelea vinaitwa toksoplasma, paka anaweza kuvitoa kwenye kinyesi, na kwa mjamzito ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Ila vikitoka havina nguvu papo hapo, vinahitaji siku moja hadi tano kukomaa. Choo kikisafishwa kila siku hatari inapungua sana. Asafishe mume, au huyo huyo wifi mwenye ushauri. Na wewe usile nyama isiyoiva, osha mboga vizuri, vaa glavu ukilima bustani. Wengi wanaambukizwa kwa nyama na udongo huku wanamlaumu paka. Kliniki waambie una paka, watakuongoza.

Mama Pacha wa Buhongwa

Wifi nimemsomea kwa sauti. Asante.

Binti wa Mwaloni, Jumatatu saa 4 usiku

Mrejesho wakuu. Samahani kwa kimya, giza limeingia, mitumbwi imerudi kazini na mimi nalala saa nne naamka saa tisa.

Bibi, boksi lilifanya kazi usiku wa pili. Nilisikia kucha zikikwaruza karatasi, nikasubiri, nikaenda kwa magoti na kanga kama mwizi. Sasa yuko stoo. Choo kaelewa siku ya kwanza, mchanga wa ziwani na kile kibao cha Fundi. Anafukia vizuri kuliko baadhi ya watu ninaowajua.

Ila siku za mwanzo nilikuwa naingia, nakaa, naona masikio tu ndani ya boksi. Nikamfumbia macho kama Malimbe alivyosema mpaka nikasinzia kweli. Hakuna kitu. Nikaanza kufikiri Mpangaji ana hoja.

Jana nikawa na kisado cha dagaa wa kuchambua, mteja wa Dodoma anataka wasio na mchanga wala konokono. Nikasema badala ya kukaa bure nifanyie kazi stoo. Nikakaa chini, ungo mapajani, mgongo nimempa yeye. Nachambua. Dagaa mkavu akianguka kwenye ungo ana mlio wake, kama mvua inayoanza kwenye bati. Baada ya nusu saa nikasikia pumzi karibu na kiwiko. Sikugeuka. Mkono mmoja wa kijivu ukapita chini ya kwapa langu, ukachagua dagaa mmoja, ukarudi. Nikaendelea kuchambua. Ukaja tena. Wa tatu hakurudi nao kwenye boksi, alimlia pale pale, bega lake limegusa nyonga yangu. Nilikaa mguu ukafa ganzi.

Kumbe tatizo nilikuwa naingia kumtazama yeye. Sokoni hakuna anayemtazama. Alinizoea nikiwa na kazi zangu.

Sasa maswali. Moja, usiku kuanzia saa nane analia mlangoni, analia kweli. Juzi ile dhoruba ya alfajiri kutoka ziwani ilipopiga bati alipanda kwenye rafu akaingia darini kupitia jipsamu iliyovunjika, nikakesha. Mbili, jirani amesema akisikia tena kelele atamwekea sumu ya panya. Tatu, anakula kama kibarua wa kupakia magunia. Ni kawaida? Nampa dagaa wabichi asubuhi, wakavu jioni.

Bibi Ukara

Anakula kiasi hicho? Mtazame tumbo akilala chali. Chuchu zake zina rangi gani?

Mpangaji Sugu

Analia kwa sababu anataka kutoka. Mnyama anawaambia kwa mdomo wake na bado mnafanya utafiti.

Mifugo Kwanza

Chakula kwanza. Dagaa wabichi kila siku acha. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, paka akilishwa hao peke yao kwa muda mrefu anaanza kuinamisha kichwa, kuyumba, mwisho degedege. Moto unakiua hicho kimeng'enya. Kwa hiyo chemsha, bila chumvi, bila kitunguu, bila kitunguu saumu. Watu wanamwagia paka mchuzi wa binadamu, vitunguu vinavunja damu yake. Mchanganyie moyo wa kuku au wa ng'ombe, mara moja moja ini kidogo, yai lililoiva. Ugali ukitaka kuongeza ujazo, kidogo. Paka siyo mbwa, asipokula nyama au samaki anakosa taurini, kirutubisho kilichomo humo, na macho na moyo vinaharibika. Maziwa wengi wakubwa yanawaharisha. Mpe maji.

Mguu unaendeleaje? Na tafadhali usimpe paracetamol kwa maumivu. Ini la paka haliwezi kuivunja, kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Kijana wa Kamanga

Na mimi niseme langu. Mwaka jana niliokota paka, viroboto wamemjaa. Nikanunua dawa ya kupaka mgongoni, ya mbwa, nikapunguza kipimo nikajiona mjanja. Jioni alianza kutetemeka, masikio, midomo, kisha mwili wote. Sikujua nifanye nini, nikamfunika blanketi. Hakufika asubuhi. Baadaye ndiyo nikaambiwa ndani ina permethrini, mbwa anaivumilia, paka haivumilii. Kwenye pakiti iliandikwa, kwa maandishi madogo. Soma pakiti, dada.

Binti wa Mwaloni

Pole sana kaka. Nilikuwa nimeshainunua ya unga. Nairudisha kesho.

Fundi Stuli

Jipsamu naja kuziba Jumapili, chai tu. Kuhusu kulia usiku: paka shughuli zake ni magharibi na alfajiri, wewe umelala yeye ndiyo anaingia kazini. Kabla hujalala mchezeshe, funga unyoya kwenye kamba, mkimbize robo saa, halafu mpe chakula kikubwa cha siku. Akishiba anajilamba, akijilamba analala. Akilia usimfungulie. Ukifungua mara moja tu, umemfundisha kwamba kilio ni ufunguo.

Ngosha Mtulivu

Hii hata kwa mtoto wangu naijaribu. Picha bado?

Malimbe Mwaka wa Pili

Jirani anayetishia sumu mkumbushe ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Bibi Ukara

Sheria ni ya mwisho. Mjukuu wangu unauza dagaa, mpelekee jirani kisado. Mwombe radhi kwa kelele kabla hajaja yeye.

Binti wa Mwaloni

Bibi, nimepeleka. Mama wa kule ndani akanivuta pembeni akaniuliza kama nina hakika huyu ni paka tu, maana wa kijivu anayelia saa nane usiku mara nyingi "ametumwa". Nikamwambia ametumwa na njaa kutoka Mwaloni. Akacheka, dagaa akawapokea. Sumu haijatajwa tena.

Binti wa Mwaloni, Jumamosi saa 2 usiku

Mrejesho mwingine. Siku 10 za kutazamwa zimepita, Panki mzima, na mimi sindano naendelea nazo kwa kadi.

Jumanne nilimfungulia mlango wa stoo, mimi nikiwa jikoni napika. Nyumba kidogo kidogo, kama fungate linavyoisha. Alitoka akitembea kandokando ya ukuta, tumbo chini, akanusa kila mguu wa meza. Sufuria ilipogongana akarudi mbio. Dakika kumi akatoka tena. Kila siku anaongeza chumba. Sebule ameimiliki, hasa dirisha la nyuma linalotazama jabali. Kuna wale mijusi wa kwenye mawe, dume ana kichwa na mabega mekundu, mwili wa bluu, anapiga pushapu kwenye jua. Panki anaweza kumtazama saa zima, taya linamtetemeka. Nyavu ya mbu kaichana siku ya kwanza, nimeweka wavu wa kuku kwa nje, misumari ya Fundi.

Mguu umepona. Bado hapendi kubebwa. Kumpapasa ni kichwani na chini ya kidevu tu, mkono ukifika mgongoni mkia unaanza kupiga na mimi naacha.

Ila ametulia kupita kiasi na tumbo limekuwa la ajabu. Nilidhani minyoo. Leo nimempeleka kwa daktari wa mifugo, ndani ya begi la shangazi kaja nililoacha zipu wazi kidogo. Daktari kamshika tumbo kwa vidole viwili, kanitazama, kasema: "Mama, hii siyo minyoo." Ana mimba, na siyo ya jana.

Bibi, ulijua.

Bibi Ukara

Nilikuuliza chuchu, hukunijibu.

Ngosha Mtulivu

Wabeja! Naweka oda ya dume mmoja.

Mpangaji Sugu

Haya sasa. Umemfungia mwenye mimba. Mwache atoke akazae anapopajua.

Mifugo Kwanza

Akazae wapi, Mpangaji? Chini ya kichanja, mbwa wawili wamejilaza pembeni? Mimba ya paka ni kama siku 63 hadi 65. Akizaa nje anaweza kushika nyingine kabla hata hajaachisha hawa. Hesabu mwenyewe baada ya mwaka Mwaloni kutakuwa na wangapi. Mimi sisemi kila paka afungwe maisha. Nasema huyu, sasa hivi, mlango ubaki umefungwa mpaka watoto waache kunyonya na yeye afungwe kizazi.

Dada, dawa ya minyoo usinunue mwenyewe, mwenye mimba ana dawa zake, fuata aliyompa daktari. Chakula ongeza, mara tatu nne kwa siku. Mwekee sehemu ya kuzalia, pakavu, pa kiza, kuta juu kidogo. Lakini usishangae akipakataa na kuchagua kabati la nguo.

Mpangaji Sugu

Bado nasema paka ni wa nje. Ila mwaka juzi nilikuwa na mmoja alikula panya mwenye sumu ya jirani, kwa hiyo hapo kwenye mbwa na sumu sina la kusema.

Malimbe Mwaka wa Pili

Watoto wakizaliwa usikae mbali nao, mama akisharidhika. Kati ya wiki ya pili na ya saba ndipo mtoto wa paka anapoamua binadamu ni nini. Wakishikwa taratibu kipindi hicho hawatakuwa na shida ya nyuma ya friji.

Binti wa Mwaloni, Ijumaa saa 11 alfajiri

Wakuu, mbalamwezi imerudi. Mwezi mzima umepita tangu lile tenga.

Niliandaa boksi zuri, nikatandika shuka, nikaweka kabatini. Hakulitazama. Juzi jioni alianza kuzunguka, anakwaruza pembe za nyumba, chakula hataki. Akanifuata chooni, akanifuata jikoni, huyu ambaye hataki kubebwa. Saa saba usiku akaenda stoo, akapanda juu ya magunia matupu niliyotupia huko, na nyuma ya magunia, nilikuwa nimeshasahau, lile lile tenga la nyanya nililomwibia nalo. Akaingia. Nikakaa mlangoni na ungo wangu mtupu, sina hata dagaa wa kuchambua, mitumbwi haijatoka. Nikawa nakung'uta ungo kwa vidole, tik tik, ili asikie mlio anaoujua.

Wa kwanza saa nane na nusu. Wa mwisho karibu saa kumi. Ni wanne, nadhani, mmoja ana kifua cheupe. Kila mmoja mkubwa kama furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Alifanya yote mwenyewe, akala kondo, akawalamba mpaka wakawa wakavu, akanitazama kupitia matundu ya tenga na akafumba macho polepole. Malimbe, nimemjibu.

Bibi Ukara

Hongera mjukuu wangu. Usisogeze tenga, usiwamulike kwa taa, usihesabu tena, wageni wasiingie wiki hii. Akiona watu wengi atawahamisha kwa meno mmoja mmoja na utawatafuta nyumba nzima. Mpe maji karibu, asilazimike kutoka.

Mifugo Kwanza

Wote wananyonya? Tazama kwa mbali tu. Wiki ya nane chanjo zao tuzungumze, na chanjo ya kichaa cha mbwa wakifikisha miezi mitatu, mama yao naye.

Binti wa Mwaloni

Wote wananyonya. Waliotoa oda, hakuna anayetoka hapa kabla ya wiki nane, na nitakuja kukagua madirisha ya nyumba zenu.

Mpangaji Sugu

Wavu wa kuku unauzwaje kwa mita siku hizi?

Ngosha Mtulivu

Dada, sasa hata leo picha hakuna?

Binti wa Mwaloni

Bibi amekataza taa.